Kilo Moja na Robo

Mbalizi, siku ya gulio, ukungu haujainuka Umalila.
Ambakisye wa vyuma chakavu amening'iniza mzani kwenye mkaratusi,
anapima sufuria zangu zilizotoboka,
bati la choo, rimu ya baiskeli,
kisha anachomoa kilicholala chini kabisa ya gunia:
jembe lisilo na mpini, pana kama jani la tumbaku.
"Hili lilifuliwa kwa mkono, mama, si la kiwandani.
Kilo moja na robo. Lakini chuma ni chuma. Mia tisa."

Shangazi Tusekile alikuwa ameniona nikifunga gunia.
Hakuacha kumenya viazi.
Alisema: Uliza kwanza hilo lilinunua nini.

Lilinunua mtu.

Si peke yake; yalikuwa sita.
Mwaka ulezi uliponyauka kabla ya kufunga punje
mjomba mtu alimshika mkono binti wa dada yake
akamweka rehani kwa vikapu viwili vya nafaka.
"Mpaka mvua," alisema.
Mvua ikaja. Mjomba naye akaja,
na vikapu viwili, na cha tatu cha shukrani,
akakuta rehani imekwisha geuka bidhaa:
majembe sita, na bonge la chumvi ndani ya majani ya mgomba,
na binti yuko njiani kuteremka Usangu,
shingo kwenye panda ya mti.

Walimwita Nzala, yaani Njaa,
kama kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Hakufika pwani. Hakuna bahari katika habari hii.
Alifika shambani.
Maana pembe ya ndovu haijitembezi:
ina miguu ya mpagazi, na mpagazi ana tumbo,
na tumbo halijui bei ya pembe, linajua ugali.
Mkubwa wa boma alikuwa mtu wa hesabu.
Mwanamke mmoja, misimu ishirini.
Vihenge vyake kwa merikani,
merikani kwa baruti,
baruti kwa watu,
watu kwa shamba.
Wauza tumbaku walimwona mara moja tu,
ameinama katikati ya wengine arobaini,
wakamwita kwa lugha ya nyumbani.
Aliinua kichwa. Akainama tena.

"Na sisi ni wajukuu zake?" nilimuuliza shangazi.
Kisu kikasimama.
"Yeye hakuacha mjukuu tunayemjua.
Mwenye rehani alimpa mjomba jembe moja katika yale sita,
la kumfuta machozi.
Mjomba akalipokea.
Akalitia mpini.
Akalima, tukala, tukazaana, tukawa ukoo.
Sisi si wa Nzala, mwanangu.
Sisi ni wa jembe."

Nikamwambia Ambakisye alitoe kwenye mzani.
Aliniongezea mia, akidhani nabembeleza bei.

Sikulitundika ukutani, tusije tukaonekana wenye kumbukumbu nzuri.
Lilirudi uvunguni, karibu na viatu vya mvua.

Mwezi wa nane wakaja washenga wa binti yangu Subilaga
na bahasha, na orodha iliyopigwa chapa.
Blanketi la bibi. Koti la babu. Ng'ombe, kwa fedha.
Mstari wa saba: jembe, elfu hamsini.
Vigelegele vikapasua bati.
Shangazi akaomba kuuliza.
"Zamani mke alitolewa majembe, na mtumwa majembe.
Chuma kile kile, mfua chuma yule yule.
Tofauti ilikuwa njia:
mmoja akipigwa anajua pa kurudi.
Hiyo njia, kwenye karatasi yenu, iko mstari wa ngapi?"

Washenga wakatazamana. Mmoja akakohoa.
Subilaga, aliyekuwa amefunikwa khanga, akajifunua
ili asikie jibu.

Nikaenda chumbani, nikapiga magoti,
nikalitoa, na vumbi lake,
nikaliweka juu ya bahasha.
Ikabonyea.
Tukasubiri.